Simba Saba, Nyoka Tisa, Mwoga Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimefanya jambo la kijinga. Nimeinua mkono.

Ilikuwa kikao cha asubuhi cha gazeti. Mama Mhariri, mkubwa wetu, alisema vijana wametukimbia na hawatarudi kwa ajili ya taarifa za hali ya hewa. (Hizo naziandika mimi. Niliinamia viatu vyangu.) Anataka ukurasa mzima wa gemu kila wiki. Tuanze na zile mbili ambazo watu wanagombana kila kona kwa sababu yazo: Kaburi la Simba Saba na Pango la Nyoka Tisa. Zote za kushuka shimoni, kukimbia, kuruka na kupigana. Mwandishi azicheze, azilinganishe, aseme ipi anaipenda zaidi na kwa nini. Akauliza nani ataweza. Koma akainua mkono.

Koma ni msahihishaji wetu. Jina lake halisi nimelisahau. Kazi yake ni kuweka koma nisipoweka na kuziondoa nilipoziweka, na anaifanya akitabasamu. Sikuvumilia. Nikainua mkono juu zaidi yake, nikasimama kabisa, nikasema nimecheza gemu tangu sijaota meno ya pili, na hizo mbili ndizo naziota usingizini.

Mama Mhariri alifurahi sana. Muda wangu wa majaribio unaisha tarehe kumi na saba. Ukurasa ukivuma, alisema, ni wangu, na ajira ya kudumu nitapata. Usipovuma tutaagana vizuri. Alivyolitamka hilo "vizuri" nikaketi.

Ukweli, ambao nauandika hapa tu: mimi ni mwoga. Tena si mwoga wa kawaida. Naogopa lifti. Naogopa maputo, mbwa wanaoenea kwenye kikapu, na mtu anayefungua soda karibu yangu. Gemu pekee niliyowahi kucheza ni ya kupanga matofali, na niliiacha matofali yalipoanza kuja kwa kasi.

Jumanne, 4 Juni

Nimebeba mashine ya gemu ya ofisi hadi nyumbani. Naishi kwa Shangazi, dada yake marehemu baba, mkunga mstaafu. Alikuwa amekwenda kumwona rafiki yake, kwa hiyo sebule ilikuwa yangu. Nilijiwekea masharti: kucheza mchana tu, mapazia wazi, mlango wazi, na redio ya jikoni ikisoma habari za kilimo.

Saa nne asubuhi nikaanza na Simba Saba. Bwana mmoja mwenye masharubu anateremka kwa kamba ndani ya kaburi. Giza. Maji yanadondoka. Nikajiambia, mbona si ya kutisha, ni kama bafuni kwetu tu. Hapo hapo kitu kikaanguka kutoka juu kikamkumbatia uso mzima! Nilipiga ukelele. Nilipopata fahamu, pedi ya kuchezea ilikuwa ndani ya kapu la nguo chafu na mimi nilikuwa kwenye ngazi za nje, jirani akiniuliza kama kuna moto.

Nikamwambia nafanya mazoezi ya mapafu.

Nikakaa nikafikiri kitaalamu. Tatizo la kwanza ni sauti. Nikaizima. Tatizo la pili ni maandishi ya maneno yanayosemwa, ambayo hutokea chini ghafla bila kupiga hodi. Nikayazima pia. Tatizo la tatu: kila kibaya kinatoka juu. Basi nikachukua taulo la kuogea, nikalitundika likafunika nusu ya juu ya runinga. Amani! Nikabaki naona miguu ya yule bwana na sakafu. Nilicheza saa tatu. Nilikufa mara kumi na nne, lakini kimyakimya, bila usumbufu.

Shangazi aliporudi aliuliza kwa nini runinga imevaa taulo. Nikasema vumbi. Aliniangalia vile ambavyo bila shaka alikuwa akiwaangalia waume wanaosema wao hawazimii mtoto akizaliwa.

Jumatano, 5 Juni

Nyoka Tisa leo. Taulo, kimya, mapazia wazi.

Jamani, ni gemu ileile! Shimo lilelile. Kamba ileile. Badala ya bwana mwenye masharubu kuna dada mwenye misuko (nimemwona kwenye kasha). Bwana ana mwenge, dada ana taa. Jiwe kubwa la mviringo linawafukuza wote wawili kwenye ujia uleule, na wote wawili wananifia mikononi. Sasa nitalinganisha nini? Nimejaza daftari yale niliyoyaona chini ya taulo. Simba: viatu vya kahawia, soli nene. Nyoka: viatu vyeusi, vimefungwa vizuri. Simba: sakafu ya mawe. Nyoka: sakafu ya mawe, ila ina unyevunyevu.

Mchana kitu chenye mkia kilipita chini kabisa, palepale ambapo sikupafunika. Nilisimama juu ya kochi kama dakika ishirini. Nilikuwa natafakari. Hapana, hii ni shajara yangu mwenyewe, kwa nini nijidanganye? Nilikuwa naogopa.

Alhamisi, 6 Juni

Makala imekamilika. Maneno elfu moja na mia mbili. Ushindi nimempa Simba Saba. Ilibidi nichague, na vile viatu vya kahawia ni imara zaidi, lakini mtu hawezi kuandika hivyo gazetini. Kwa hiyo niliandika kwamba dada wa Nyoka Tisa anasikitisha kwa upweke wake: anashuka pangoni mwanzo hadi mwisho, hakuna hata sauti moja ya kumsemesha. Simba Saba, niliandika, ina uchangamfu. Nikaongeza kwamba gemu zote mbili hazina dari, na kwamba huo ni ujasiri wa watengenezaji. Niliposoma mara ya pili nilijipenda.

Koma alinirudishia karatasi ikiwa na alama nyekundu arobaini na moja. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, aliuliza: kama hakuna dari, wale popo wa hatua ya pili wananing'inia wapi? Kumbe amezicheza! Nikamwambia hilo ni suala la kifasihi. Akasema "ahaa", akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Ana kijitabu!

Mama Mhariri alisoma huku akigongagonga kalamu mezani. Alisema la dari hakulielewa vizuri, ila limemgusa. Inatoka Jumamosi.

Jumatatu, 10 Juni

Barua! Mama Mhariri alizimwaga mezani pangu kama anamwaga mchele.

Msomaji wa kwanza, fundi wa majokofu, aliuliza kwa heshima zote kama mimi ni kiziwi. Ndani ya Nyoka Tisa, alisema, kuna bibi kizee, kiongozi wa njia, ambaye haonekani lakini anazungumza na yule dada kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya mwisho. Hanyamazi! Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya gemu hizi mbili, hata mtoto wa chekechea anaijua. Msomaji wa pili alisema yaleyale, bila heshima. Wa tatu alinitetea: someni kwa makini, mwandishi anazungumzia upweke wa rohoni. Kuanzia wa nne hadi wa thelathini walikuwa wakimtukana wa tatu, au wakitukanana wao kwa wao kuhusu dari.

Nikangoja kufukuzwa. Nilishaanza kukusanya kalamu. Badala yake Mama Mhariri akanishika bega na kusema gazeti liliwaishia wauzaji kabla ya saa nne asubuhi, jambo ambalo hajaliona miaka tisa. Watu wanabishana hadi kwenye foleni za benki! Kwa hiyo Jumamosi, katika ukumbi wa maktaba, mbele ya wasomaji wote watakaofika, nitazicheza gemu zote mbili mimi mwenyewe. Skrini ya ukuta mzima. Spika kubwa. Kisha nitalitetea chaguo langu.

Kijasho chembamba kilinitoka hadi kwenye soksi. Niliuliza kama spika ni za lazima. Koma akamwambia Mama Mhariri asiwe na wasiwasi, yeye Koma mwenyewe atasimamia sauti.

Jumanne, 11 Juni

Mpango wa kwanza: kuvunjika mkono.

Nilirudi nyumbani mapema, nikamwomba Shangazi anifunge bendeji kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Aliuminya mkono, akaupinda, akausikiliza kama ana kipimo sikioni. Akasema mkono huu ni mzima kuliko wake, na katika miaka yake thelathini na nne ya kazi hajawahi kufunga kitu kizima. Akaniuliza naumwa wapi hasa.

Nikavunjika, ila si mkono. Nilimwambia yote. Kikao, Koma, taulo, dari, yule bibi ambaye sikumsikia, Jumamosi, na tarehe kumi na saba. Nilimwambia nikikosa kazi hii sijui nitamtazama vipi, maana ni ya nne tangu baba afariki na kila nilipoondoka niliondoka kwa kukimbia. Nilisema nina hofu kiasi kwamba chakula hakipiti kooni. Kisha nikamaliza chakula changu na nusu ya chake.

Hakunicheka. Alinyanyuka, akaliondoa taulo kwenye runinga, akalikunja vizuri pande nne. Akavaa miwani. Akaniambia nimwonyeshe kitufe cha sauti kiko wapi.

Jumatano, 12 Juni

Sijawahi kuona jambo kama hili.

Shangazi anacheza tangu asubuhi. Mimi nimejibanza mlangoni pa jikoni, naangalia kwa jicho moja. Kitu kikianguka kutoka juu mimi najikuta nyuma ya jokofu, yeye hata kope hazichezi. Kelele amezizoea, anasema. Amefanya kazi katikati ya kelele tangu sijazaliwa. Anazungumza na watu wa gemu kama vile ni wagonjwa wake. Haya baba, pumua. Usikimbie, utachoka bure. Subiri, subiri, bado. Sasa! Na yule bwana mwenye masharubu anaruka shimo, tena anaruka vizuri, kama aliyekuwa anangoja tu kuambiwa. Simba wa mawe wa kwanza ameanguka kabla ya saa sita. Wa saba alianguka wakati wa chai.

Jioni aliweka Nyoka Tisa. Na hapo nikamsikia yule bibi. Sauti nzito kidogo, ya mtu asiye na haraka. Dada alipofika kwenye ukingo wa shimo lisilo na mwisho, taa ikazimika. Nikafumba macho. Bibi akasema: "Niko nyuma yako. Weka mguu mmoja tu." Basi. Mguu mmoja tu.

Sijui ni nini kilinipata. Mabega yangu yalishuka. Sikujua kwamba yalikuwa juu, huenda yalikuwa juu tangu nikiwa mtoto. Nilitoka nyuma ya jokofu nikakaa kochini, pembeni ya Shangazi, na nikaangalia kama dakika nne nzima bila kujificha.

Alipomaliza aliniambia gemu hizi hazifanani hata kidogo. Yule bwana, alisema, anajifungua peke yake porini. Akipona ni kwa nguvu zake na bahati. Huyu dada ana mkunga. Yeye anamchagua mwenye mkunga, na hahitaji maneno elfu moja na mia mbili kulieleza hilo.

Nami pia nilikuwa namchagua huyo. Lakini tayari nimempa Simba ushindi gazetini, kwa herufi kubwa!

Alhamisi, 13 Juni

Mpango wa pili. Huu ni mzuri. Huu ni mzuri mno.

Jukwaa la maktaba lina pazia zito la kijani upande wa kulia. Nyuma ya pazia patawekwa kiti. Juu ya kiti, Shangazi. Mkononi mwa Shangazi, pedi isiyo na waya, iliyowashwa. Mkononi mwangu, pedi ya pili, iliyozimwa. Yeye atacheza, mimi nitabonyezabonyeza. Atachungulia skrini kupitia upenyo wa pazia. Nani atajua?

Shangazi alikataa mara tatu. Mara ya nne nilipiga magoti. Akasema atakaa nyuma ya pazia kwa sharti moja: nikiulizwa naipenda ipi, niseme ukweli mbele za watu, hata kama utapingana na gazeti. Nikala kiapo. Niliapa kwa moyo wote, na moyo wenyewe ulikuwa unadunda hadi masikioni.

Koma alikuwa ukumbini mchana akijaribu spika. Alipiga mluzi mmoja tu kwenye kipaza sauti, vioo vya madirisha vikalia. Akaniuliza kama ninajisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimekaa chini ya meza. Nikasema nakagua waya.

Jumamosi, 15 Juni

Nitaandika yote.

Walikuja watu zaidi ya mia mbili. Walikaa hadi madirishani. Fundi wa majokofu alikuja na wenzake watano, wote mbele, wamekunja mikono. Mama Mhariri alivaa vazi jipya. Shangazi aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na mto wa kukalia na chupa ya chai, akatulia nyuma ya pazia. Koma alikuwa kwenye meza ya sauti, kijitabu mkononi.

Tulianza na Simba Saba. Shangazi alikuwa moto! Bwana mwenye masharubu aliruka, aliinama, alipita chini ya jiwe akiwa na nafasi ya unywele. Watu wakashangilia. Nikabonyeza pedi yangu mfu kwa madaha. Kadiri walivyoshangilia ndivyo hofu ilivyopungua, na mahali pake kikaingia kitu kibaya zaidi: kichwa kilianza kuvimba. Nikaanza kutoa maelezo. Nikawapungia mkono wasomaji. Mama mmoja wa safu ya tatu akauliza inawezekanaje bwana anapigana na simba wawili wakati mimi nafuta jasho kwa mikono yote miwili. Nikamjibu ni mazoezi ya muda mrefu.

Kisha Mama Mhariri akaniuliza, kabla ya gemu ya pili, kama bado nashikilia chaguo langu. Nilimwona fundi wa majokofu. Nilimwona Koma akifungua ukurasa mpya. Nilijua kabisa ukweli ni upi na nilijua nani anausubiri nyuma ya pazia. Kinywa changu kikasema Simba Saba, naam, bila shaka yoyote.

Pazia lilitikisika kidogo. Nadhani ulikuwa mguno.

Ikaja Nyoka Tisa. Koma akapandisha sauti hadi mwisho. Sauti ya bibi ikajaa ukumbi mzima, na fundi na wenzake watano wa mbele wakageuka kuniangalia mimi, yule mwandishi wa "hakuna hata sauti moja". Nikatabasamu. Wakati natabasamu, kitu kikashuka kutoka juu ya skrini. Kilikuwa na ukubwa wa ukuta. Kilikuwa na meno! Na kilipiga kelele kupitia spika nne.

Sikumbuki kuamua kukimbia. Nakumbuka kitambaa cha kijani usoni, nakumbuka kuvuta, nakumbuka fimbo ya pazia ikitua jukwaani kwa kishindo. Baadaye nilijikuta chini ya meza nimekumbatia mguu wa mtu kwa nguvu zangu zote. Ulikuwa mguu wa Koma.

Na pale pazia lilipokuwa, mbele ya watu mia mbili, ameketi Shangazi. Miwani puani, chai pembeni, pedi mkononi. Hakusimama. Hata hakuinua uso. Alikuwa anamwambia dada mwenye misuko: pumua mama, pumua, amekuja, usimkimbie, mwangalie, sasa! Dada akaruka. Lile dude likaanguka shimoni. Ukumbi mzima ulisimama wima.

Hakuna aliyeniangalia mimi. Walimtazama yeye hadi nyoka wa tisa. Fundi wa majokofu aliuliza kwa sauti ya unyenyekevu ipi ni bora. Shangazi akavua miwani, akawaeleza kuhusu kujifungua porini na kujifungua na mkunga. Nilisikia makofi kutoka chini ya meza. Koma aliniomba, kwa upole wa kuudhi, nimwachie mguu, umekufa ganzi.

Jumapili, 16 Juni

Shangazi hajanisemesha tangu jana. Nilidhani ni kwa sababu ya pazia. Nilimletea chai, nikamwamkia mara mbili, nikamwambia nimeona aibu kwa kupiga kelele mbele za watu.

Akasema kelele si kitu. Nusu ya wanawake aliowahudumia walikuwa na hofu, wengine walimng'ata. Hakumlaumu hata mmoja. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia usoni kwamba mwenye mimba ni mtu mwingine. Akasema mtu mwoga anaweza kumsaidia, mwongo hajui amshike wapi.

Nililia kidogo. Kisha akaniuliza, tukiwa wawili tu, naipenda ipi. Nikasema Nyoka Tisa. Nikasema ni kwa sababu ya ile sauti. Nikasema katika maisha yangu yote nimekuwa nikingoja mtu aniambie niweke mguu mmoja tu. Shangazi akaniongezea chai. Aliniambia kesho nikaseme hivyohivyo ofisini.

Jumatatu, 17 Juni

Tarehe kumi na saba. Nilipanda ngazi ghorofa nne, maana lifti siiwezi, na nilipumzika mara mbili kabla ya ghorofa ya pili.

Mama Mhariri alisema ukurasa wa gemu ni wa Shangazi. Ameshampigia simu, naye ameshakubali, atafika ofisini siku tatu kwa wiki. Koma ameomba asahihishe yeye makala zake. Nasikia amesema hata koma moja hataigusa!

Nikasimama nikingoja "tutaagana vizuri". Lakini Mama Mhariri alivua miwani akasema kuna mtu amenitetea, na mtu huyo namjua. Atanipa nafasi moja. Niandike maneno machache ya kuwaomba radhi wasomaji. Nieleze kwa nini niliandika nilichoandika. Si lazima yawe mazuri, yawe ya kweli. Yakiwa ya kweli nabaki, hata kwenye hali ya hewa. Nikidanganya tena hata mara moja, hata kuhusu mvua, basi. Nimpelekee kesho.

Niliandika palepale mezani pangu. Sikuhitaji kufikiri. "Niliogopa. Sikutazama wala kusikiliza. Nisameheni." Nikayasoma mara nyingi. Ni maandishi mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika na hayana alama nyekundu hata moja. Nimekuwa mtu mpya.

Jumanne, 18 Juni

Nilitoka nyumbani nikiwa na karatasi yangu kwenye bahasha. Shangazi alininyoosha kola, akasema mguu mmoja tu, baba. Nilipanda ngazi bila kupumzika.

Mama Mhariri alikuwa amesimama ujiani na Koma. Nilikuwa nimeshanyoosha bahasha. Kweli kabisa, mkono ulikuwa umeshanyooka! Lakini alikuwa anamuuliza Koma kama anamjua mtu yeyote aliyecheza zile gemu mbili za kuzamia chini ya bahari ambazo sasa kila mtu anazizungumzia, kwa sababu Shangazi anataka msaidizi wa kuanza naye. Koma akafungua kinywa.

Nikasema nimezimaliza zote mbili.

Wakanigeukia. Nikasema mara mbili kila moja. Mama Mhariri aliuliza polepole, ipi naipenda zaidi. Nikasema ya pili, bila shaka yoyote. Akasema hiyo ya pili bado haijatengenezwa, wametangaza jina tu, itatoka mwakani. Nikasema ndiyo, na ndiyo maana ni vigumu sana kuipata.

Aliniangalia kwa muda. Hakukasirika hata kidogo. Alisema niandike yote hayo, nimletee Ijumaa, pamoja na funguo za ofisi. Bila shaka wananipa chumba kikubwa. Koma aliuma mdomo na kugeukia ukutani; wivu ni kitu kibaya.

Bahasha nimeiweka kwenye droo, itafaa wakati mwingine. Nimeshaanza makala, na safari hii sioni pa kukosea. Ile ambayo haijatengenezwa ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kucheza. Ndani yake hakuna kitu hata kimoja kilichonirukia.